Kuzeesha Kitambaa cha Apiyo

Asembo Bay
6 Juni 1988

Kwa Mama Waringa, muuza vitambaa, Kondele

Mama,

Hunijui, na mimi sikujui ila kwa kusimuliwa. Jina langu ni Oduor, mtengeneza nyavu hapa ufukweni. Barua hii inaletwa na Milka, yule muuza dagaa wa omena, anayepanga magunia yake mkabala na kibanda chako siku za soko. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wewe hufungui mitumba ya nguo bali ya vitambaa tu, vile vya meza na vya viti vilivyodariziwa na akina mama wa Ulaya. Akaniambia pia kwamba unajua kukifanya kitambaa kionekane cha zamani. Anasema kuna mwalimu mmoja wa Migosi uliyemtengenezea kifuniko cha redio, na wageni wake wote wanaamini kilitoka kwa nyanya yake.

Nina binti mmoja, Dorca, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kendu Bay. Anaolewa Desemba hii na Wakhisi, kijana wa Webuye. Mama yake, Apiyo, alifariki mwaka wa 1966, mtoto akiwa na miaka miwili. Aliacha kitambaa cha meza alichokidarizi kwa mkono wake: katikati ndege wawili wa buluu wakitazamana, na maua ya manjano kuzunguka pindo lote. Tangu Dorca akiwa mdogo nimemwahidi kwamba atakipata siku ya kuolewa.

Sasa panya wamekila. Naomba unitafutie kinachofanana nacho, ukizeeshe miaka ishirini na miwili. Dorca hajawahi kukiona kwa macho yake, kwa hivyo hata kikikaribia tu kitatosha.

Naomba pia jambo hili libaki kati yetu. Milka nimemwambia ni kitambaa cha kanisa.

Wako,
Oduor

*

Kondele
14 Juni 1988

Mzee Oduor,

Nimepokea barua yako pamoja na samaki, yule ngege uliyempa Milka aniletee. Ngege ameliwa na watoto wangu kabla sijamaliza kusoma, kwa hivyo sasa siwezi kukukatalia.

Ndege ni adimu. Katika mabeli matatu ya mwisho ya mitumba niliyofungua, mawili yalikuwa maua matupu, na moja lilikuwa na paka, wengi mno kuliko mtu mzima anavyoweza kuhitaji. Lakini vumilia, Desemba iko mbali. Wakati nikitafuta, nakutumia kitambaa kidogo cheupe cha kujifunzia, maana kazi ya kuzeesha utaifanya wewe mwenyewe, nyumbani kwako. Mimi nimepanga chumba kimoja Migosi, dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, jua halifiki. Tena kitambaa hushika harufu ya nyumba kilimozeekea. Kikizeekea kwangu kitanukia vitunguu vya watu.

Fanya hivi. Kwanza kifue kwa sabuni ya kipande mara tatu, kitoke ule ugumu wa dukani. Halafu kiloweke kwenye chai iliyokolea, pamoja na chumvi kidogo ili rangi ishike. Kikamue, kianike kivulini. Usitake rangi ije sawasawa kila mahali, maana uzee hauji hivyo. Rudia mpaka kifanane na karatasi ya Biblia ya zamani.

Baada ya hapo inakuja kazi yenyewe, na hapo nahitaji unisaidie. Nataka kujua kile cha marehemu kiliishije. Kitambaa kilichokaa mezani huchakaa katikati, sahani zinapowekwa, na pembeni kinabaki kizima. Kilichokaa sandukuni hufifia kwenye mikunjo tu, mistari iliyonyooka. Kilichokaa ukutani hupauka upande mmoja. Niambie kilikaa wapi, na kilikunjuliwa mara ngapi kwa mwaka, ndipo nijue kizeeke vipi. Mficha uchi hazai.

Waringa

*

Asembo Bay
2 Julai 1988

Mama Waringa,

Nina aibu kukuandikia. Nilifuata maneno yako yote. Nilipika chai nzuri kabisa, ya kupokea wageni, kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, na sukari nikaongeza kidogo kwa sababu nilitaka ikolee kama ulivyosema. Kile kitambaa kidogo nikakiloweka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Rangi ilikuja, lakini kikawa kinanata. Nilipokianika kwenye ua, sisimizi walikuja wengi kiasi kwamba sikuona tena kitambaa. Siku ya tatu kikaanza kunuka maziwa yaliyolala. Jirani yangu aliniuliza kama nimeanza uganga.

Umeuliza kile cha marehemu kilikaa wapi. Kilikaa kwa dada yangu, kwenye sanduku la bati, kimekunjwa. Hakikukunjuliwa hata mara moja. Basi nizeeshe mikunjo tu.

Naomba usinicheke mbele ya Milka.

Oduor

*

Kondele
11 Julai 1988

Mzee wangu,

Sikukucheka mbele ya Milka. Nilisubiri aondoke. Kosa ni langu, nilisahau naandikia mtu wa nyumba yenye heshima, ambaye chai kwake haiwezi kuwa chai bila maziwa. Nilimaanisha turungi: maji, majani, basi. Hicho cha sisimizi kizike.

Sasa habari njema. Jumanne nilifungua beli, na chini kabisa, kimefungwa ndani ya pazia, nikakuta ndege wawili. Buluu, wanatazamana. Maua ya pindo ni ya rangi ya chungwa, si manjano, lakini turungi itayashusha. Nilipokiona nilikaa chini juu ya beli. Miaka yote niliyouza vitambaa sijawahi kupata kitu nilichoagizwa hivi hivi kilivyoagizwa. Milka anakuletea pamoja na barua hii.

Lakini mzee, mimi ni mfanyabiashara na kazi yangu ni kuangalia mishono. Barua yako ya kwanza ilisema kimeliwa na panya. Ya pili inasema kilikaa kwenye sanduku la bati. Panya wa kwetu Nyeri hawajui kufungua bati, na sidhani wa Asembo wamesoma kuwazidi. Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu nikikuelekeza vibaya juu ya mikunjo, binti yako ni mwalimu, ataona. Kilikaa wapi?

Waringa

*

Kendu Bay
20 Agosti 1988

Baba mpendwa,

Shule zimefungwa lakini nimebaki hapa, tuna semina ya walimu. Natumai mgongo wako umepumzika na kwamba unakula. Mwambie Milka nimemkumbuka.

Wakhisi alinipeleka kwao Webuye wiki iliyopita nikamwone mama yake. Baba, ni mama mpole, anacheka polepole. Aliniambia kwamba kwao bibi harusi akifika, wanawake wa ukoo huandaa meza, na kila mmoja huuliza ameleta nini kutoka kwa mama yake. Nilimwona akijuta kusema hivyo, maana Wakhisi alikuwa amemweleza kwamba mimi nililelewa na baba na nyanya. Basi nikamwambia habari za kitambaa. Nilimweleza ndege wa buluu na maua ya manjano. Nilimweleza hata yule ndege wa kushoto asiye na jicho, kwa sababu uzi ulimwishia mama na wewe ukawa hujarudi kutoka sokoni. Yule mama alifuta machozi. Alisema meza itaachwa wazi mpaka kitambaa hicho kitandikwe kwanza.

Sitaki kitu kingine kutoka kwako, Baba. Usiuze mbuzi, usikope. Niletee hicho tu. Nilipokuwa mdogo wenzangu walikuwa wakinitania kwamba sina mama, nami nilikuwa najiambia moyoni kwamba ninacho kitambaa. Hujui ni mara ngapi kilinilaza usingizi.

Binti yako,
Dorca

*

Asembo Bay
29 Agosti 1988

Mama Waringa,

Nimeharibu mambo mawili, na la tatu niliharibu zamani. Nitakueleza kwa utaratibu.

La kwanza ni moshi. Turungi ilifanya kazi vizuri, lakini niliona rangi bado changa. Nikajiambia, samaki akining'inizwa juu ya moto wa moshi siku moja huwa rangi ya kahawia nzuri, hata mtu hawezi kujua alivuliwa lini. Basi nikakipeleka kwenye banda la Rosa, yule anayebanika samaki wa mbuta, nikakitundika juu ya moto wake kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kimekuwa cha kahawia kweli. Lakini kinanukia mbuta. Nimekifua mara nne. Paka wa mtaa mzima wanalala mlangoni kwangu.

La pili ni jicho. Dorca ameniandikia kuhusu ndege wa kushoto asiye na jicho. Mimi ndiye niliyemwambia. Alikuwa na miaka saba au minane, alikuwa anaumwa, akataka nimsimulie tena habari za kitambaa, na mimi nikaongeza hilo ili apate kucheka. Sasa ananiandikia kana kwamba aliliona. Ndege wako wote wawili wana macho. Nifundishe namna ya kufumua jicho bila kutoboa kitambaa.

La tatu ndilo unaloniuliza tangu Juni. Hakukuwa na panya, wala sanduku, na dada yangu hajui chochote.

Mwaka wa 1966 tulikuwa tunaishi kisiwani Mageta, mimi na Apiyo. Nilikuwa nafanya kazi ya nyavu kwenye kambi ya wavuvi. Dorca tulimwacha hapa Asembo kwa mama yangu, kwa sababu kambini kulikuwa na homa. Apiyo alikuwa mjamzito. Alikidarizi kile kitambaa miezi hiyo ya kungoja, akisema tutarudi nyumbani na meza yenye heshima. Akajifungua mvulana. Mtoto aliishi kuanzia alfajiri mpaka jua la kesho yake lilipopanda. Ndani ya nyumba hakukuwa na kitu kisafi cha kumfunga. Apiyo mwenyewe akasema, "Mfunge na changu." Nikamfunga. Nikamzika pale kisiwani, karibu na mwamba, mimi na mzee mmoja wa kambi. Baada ya siku mbili Apiyo naye akaenda. Yeye nilimrudisha kwa mashua, akazikwa nyumbani.

Wazee wakasema mtoto yule asitajwe mbele ya Dorca, asije akakua na woga. Nikaona ni sawa. Siku moja Dorca alitoka shuleni akaniuliza, "Mama aliniachia nini?" Apiyo hakuwa na kitu, Mama Waringa. Alikuwa na kitambaa, akampa mwanawe wa kiume. Sikuweza kumwambia mtoto wa miaka sita, "Hakuna." Nikamwambia kuna kitambaa.

Nimekisimulia miaka kumi na minane. Sasa sijui tena ni lipi niliona kwa macho yangu na ni lipi nilibuni. Ndege nina hakika nao. Maua nafikiri yalikuwa ya manjano.

Basi sasa unajua kilikaa wapi. Nizeeshee.

Oduor

*

Kondele
10 Septemba 1988

Baba Dorca,

Nimekaa na barua yako siku nne. Wateja walikuja nikawauzia vitu kwa bei walizotaja wao, nikawa sijali.

Pole. Pole kwa Apiyo, na pole kwa yule mtoto. Miaka ishirini na miwili imepita na nafikiri hakuna mtu aliyekupa pole ya mtoto, kwa sababu mliambiwa asitajwe. Basi ipokee kwangu, ingawa mimi ni mtu wa mbali na hatujawahi kuonana.

Kuhusu jicho. Kulifumua ni kazi ya dakika mbili kwa wembe, lakini sitakufundisha. Acha nikueleze kwa nini.

Chumbani kwangu Migosi kuna kitambaa ukutani, kina kikapu cha matunda, cha rangi ya chai. Watoto wangu watatu wanajua kilishonwa na nyanya yao wa Nyeri. Mama yangu hakushona kitu. Mama yangu alinifukuza mwaka wa 1963 nilipomfuata mwanaume huku Kisumu, na hakunitumia hata salamu mpaka alipokufa. Watoto walipoanza kuuliza habari zake nilikitoa kwenye beli, nikakipika turungi, nikakunja, nikaanika, nikasema, "Hiki alinipa mama." Ndicho kitambaa cha kwanza nilichowahi kukizeesha. Vingine vyote nilijifunzia hapo.

Nilidhani ningesema mara moja yaishe. Lakini mzee, uongo wa namna hii una njaa. Kila mgeni akija lazima niulishe. Mwaka jana Wamucii, kifungua mimba wangu, aliniuliza nyanya alifundishwa wapi mshono ule, nami nikamtafutia nyanya mmishonari wa kumfundisha. Wanangu wanamsalimia ukutani mwanamke wa Ulaya ambaye hata jina lake hatulijui. Na mama yangu halisi, aliyekuwa mkali, aliyejua kulima kuliko wanaume, aliyekuwa anaimba vibaya, huyo hawamjui kabisa. Nilipomficha kwa kitambaa nilimpoteza mara ya pili.

Tangu Juni nakuuliza kitambaa kile kilizeekaje. Sasa umenijibu. Hakikuzeeka. Kiliingia ardhini kikiwa kipya, na yule aliyekishona ndiye aliyeamua kiende kwa nani. Sina turungi ya kazi hiyo.

Hutasikia nikikuambia la kufanya. Dorca ni wako. Ila jicho hilo nakuomba uliache.

Waringa

*

Asembo Bay
2 Oktoba 1988

Binti yangu Dorca,

Kaa chini kabla ya kusoma. Mimi ni mzima, si habari ya ugonjwa.

Kitambaa cha mama yako hakipo. Hakikuwahi kukaa kwa shangazi yako kama nilivyokuambia. Kile ninachokuandalia tangu Juni nilikinunua Kondele, kimetoka Ulaya kwenye mtumba, nikakiloweka turungi na kukitundika kwenye moshi wa Rosa ili kionekane cha zamani. Nilitaka kukuletea hicho, nikuangalie ukikipokea, nami ninyamaze mpaka kufa kwangu. Nimeshindwa. Ulipoandika kwamba kilikulaza usingizi ndipo niliposhindwa.

Ulikuwa na mdogo wako. Alizaliwa Mageta, akaishi siku moja. Mama yako alikuwa amelala, hana nguvu, na mtoto alipokufa akaniambia nimfunge kwa kitambaa chake. Ndicho hicho. Ndege wa buluu walikuwapo kweli. Jicho nililibuni mimi siku uliyokuwa na surua.

Nilidanganya kwa sababu uliniuliza alikuachia nini, na sikuwa na kitu cha kukuonyesha. Nilipaswa kukuambia kwamba alikuacha wewe kwangu, na mimi kwako. Sikuwa na maneno hayo wakati ule. Nimeyapata leo, na nayaona yamechelewa.

Kama hutaki nije Webuye, nitaelewa. Mjomba wako anaweza kusimama mahali pangu.

Baba yako,
Oduor

*

Asembo Bay
5 Novemba 1988

Mama Waringa,

Nilimwandikia Dorca kila kitu. Ni mwezi mmoja na siku tatu. Hajajibu. Milka alikutana na mwalimu mwenzake Dorca gatini, akaambiwa Dorca ni mzima na anafundisha kama kawaida. Kwa hivyo barua alipata.

Siwezi kufanya kazi. Jana nilishona wavu wa mtu, matundu yakatoka makubwa kwa madogo, ikabidi niukate wote nianze upya. Arusi ni tarehe kumi na saba Desemba. Kitambaa kiko hapa, kimekunjwa. Sijui kama nikurudishie.

Naogopa, mama. Nilikuwa na mtoto mmoja aliye hai.

Oduor

*

Kondele
9 Novemba 1988

Baba Dorca,

Usirudishe kitu. Na usimwandikie tena, mwache asome hiyo moja mara nyingi anavyotaka.

Nikuambie la kwangu. Jumapili nilikitoa kitambaa ukutani, nikawaita wanangu, nikawaeleza. Wale wadogo walitaka tu kujua kama tutaweka kalenda mahali pake. Lakini Wamucii alikwenda kuosha vyombo, akavunja kikombe, na nafikiri alikivunja kwa kusudi. Hakunisemesha Jumatatu. Hakunisemesha Jumanne. Leo asubuhi akaniuliza, "Huyo nyanya mkali alikuwa anaimba nyimbo gani?" Nikamwimbia mmoja, vibaya vilevile.

Wako ni mkubwa kuliko wangu na jambo lake ni zito zaidi. Atahitaji siku zaidi. Kula.

Waringa

*

Kendu Bay
19 Novemba 1988

Baba,

Nimeanza barua hii mara sita. Nyingine zilikuwa na maneno ambayo sitaki uyaone, nikazichoma.

Nilikasirika. Sitakuficha. Mwanzoni nilidhani nimekasirika kwa sababu ya kitambaa, maana nilikuwa nimeshakisimulia kila mahali, kwa mama yake Wakhisi, kwa walimu, hata kwa watoto wa darasa la tatu kwenye somo la kazi za mikono. Nilijiona mjinga. Halafu nikagundua si kitambaa. Kila mwaka ulinipeleka kwenye kaburi la mama, tukapalilia, tukaomba. Nilimwombea mtu mmoja, nawe ukiwa umesimama kando yangu ukiwaombea wawili peke yako. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ulibeba peke yako na mimi nilikuwa hapo hapo. Hata nilipokuwa na miaka kumi ningeweza kukusaidia kidogo.

Nilimwambia Wakhisi. Akaniambia nimwambie mama yake mimi mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nikaenda Webuye peke yangu. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa, nikingoja aseme basi mezani tutatandika kitu kingine. Kisha akaniambia kwamba yeye pia alimzika mmoja, kabla ya Wakhisi, na kwamba hakuna mtu nyumbani kwake anayejua siku yenyewe isipokuwa yeye. Tulikaa jikoni mpaka ugali ukaungua.

Baba, njoo. Mjomba abaki kwenye kiti chake, wewe ndiwe utakayenipeleka. Na ulete hicho kitambaa chako cha Kondele, kama kilivyo, usikifue. Kitatandikwa kwanza, mama mkwe ameshasema. Wanawake wakiniuliza nani alikishona, nitawaambia sijui, ni mama fulani wa Ulaya, Mungu ambariki. Wakiuliza mbona kinanukia samaki, nitawaambia hicho ndicho alichoniletea baba yangu, na kwamba alikihangaikia tangu Juni.

Baada ya arusi nataka unipeleke Mageta unionyeshe huo mwamba. Wakhisi atakuja pia.

Jambo moja limebaki. Siku ya arusi mchungaji husoma majina ya watu wa nyumba ya bibi harusi, walio hai na waliotangulia. Karatasi iko hapa mbele yangu. Nimeandika lako, nimeandika la mama, nimeandika langu. Mstari wa nne umebaki wazi. Barua yako ilisema "mdogo wako" tu. Je, alipewa jina?

Binti yako,
Dorca

*

Asembo Bay
24 Novemba 1988

Dorca, mwanangu,

Okinyi. Alizaliwa kukipambazuka, jina likatoka hapo, na mimi ndiye niliyemwita. Mama yako alisikia, akaitika kwa niaba yake. Tangu siku ile sijalitamka kwa mtu.

Mwandike.

Baba yenu,
Oduor